Wimbo Wangu Uko Wapi, Tressie?

Jumatatu, 3 Februari 1986

Nimerudi kutoka mazoezini na moyo unanienda mbio. Tressie Ledbetter, yule mpiga piano wa kanisa letu, ambaye siku zote nilimwona msichana mpole wa kukaa pembeni, ametunga mchezo mzima wa nyimbo za kantri. Mzima! Na si habari za watu wa Nashville, wale waimbaji wa redioni. Ni za wanawake wa hapa hapa mjini Tullis, Alabama. Kila mwanamke na wimbo wake, kila wimbo ni maisha ya mtu tunayemjua. Mchezo utaonyeshwa tarehe 22, ukumbi wa shule.

Mimi nilikwenda kupeleka mapazia tu. Nikaishia kiti cha mbele, mapazia mapajani.

Walianza na Bi Eula Mabry, aliyefiwa na mume angali kijana, akalea watoto sita kwa kushona ncha za soksi kiwandani. Soksi! Nani angedhani soksi zinaweza kumliza mtu? Wanawake wamesimama mstari mmoja, mikono inakwenda kana kwamba mashine ziko mbele yao, fidla inalia taratibu nyuma, na hakuna hata mmoja anayejihurumia. Nililia mpaka nikafutia pua pazia. Ni la kijani, halionyeshi.

Halafu ukaja wimbo wa Wynelle Crabtree. Wynelle! Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara! Mumewe alimkimbia mwaka juzi na karani wa daktari wa meno, akabeba na friza, nyama zikiwa ndani. Sasa kapewa wimbo wa beti nne na kiitikio, na anauimba mwenyewe, gita kifuani. Ukweli usemwe, anauimba vizuri mno. Alipofika kwenye friza watu walicheka, na kicheko hakijaisha akaishusha sauti, ukumbi mzima ukainama mbele kumsikia. Nimeishi naye barabara moja miaka yote hii, kumbe ndani ya mtu yule mna sauti ile!

Roho imeniuma. Mimi wimbo wangu uko wapi?

Nilimfuata Tressie nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba amenisahau. Akachukua kalamu, akaniomba nimsimulie maisha yangu. Nikasimulia. Nilizaliwa hapa, nikasoma hapa, nikaolewa na Hoyt Stallings niliyesoma naye, tuna nyumba, tuna kuku. Nilipofika kwenye kuku nikaona kalamu imewekwa chini. Akasema, Bi Dovie, maisha yako mazuri, hongera sana, lakini huzuni iko wapi? Wimbo wa kantri hauendi bila mtu kuondoka, au kufa, au kupoteza kitu.

Nimewaza njia nzima. Hakuna aliyeondoka. Mama yangu ana miaka themanini na nne na bado anaendesha gari, kwa fujo. Hata mbwa, ambaye kwenye nyimbo hizi hufa mapema, wetu Kanali ni mzee, kipofu, kiziwi, na amekataa kufa.

Sina hata wiki tatu za kutafuta huzuni.

Jumanne, 4 Februari

Mpango wa kwanza: Hoyt aniache. Si kuniacha moja kwa moja. Siku mbili tatu zinatosha kwa wimbo.

Asubuhi, akiwa na kahawa yake, nikamwambia achukue pikapu aende. Akauliza wapi. Nikamwambia popote, mbali, tena asiniage. Aondoke tu, atimue vumbi, mimi nibaki kibarazani. Akafikiri kidogo. Akauliza kama huko popote nahitaji aniletee kitu.

Aliondoka. Nilisimama kibarazani na aproni yangu ya maua, mkono kwenye nguzo, upepo wa baridi unanipiga usoni, nikajiona niko jukwaani kabisa. Nikajaribu kulia. Makamasi ndiyo yaliyokuja.

Chakula cha jioni hakijaiva, pikapu hiyo hapo! Kaleta pai ya pekani, zile kokwa za kwetu, kutoka mgahawani. Na breki kazipitisha kwa fundi. Akasema alifika karibu na mji wa Gadsden, akaona hakuna la maana huko kwa kuwa mimi siko. Hebu mtazame mtu huyu! Ubeti mzima ameuharibu kwa pai.

Nimekula vipande viwili. Hasira zinatia njaa.

Jumatano, 5 Februari

Hoyt kaniamsha tena kabla ya wakati na kelele zake za kukwangua barafu kwenye kioo cha gari langu. Kila asubuhi ya baridi ni hivyo hivyo. Mtu hawezi hata kuota ndoto ya huzuni akaimaliza.

Mpango wa pili, na huu ni wa uhakika. Kila Jumatano jioni kanisani mchungaji huuliza nani ana ombi. Mwenye kusema anasema: goti la shangazi, kazi ya mwanangu. Asiyetaka kusema ananyoosha mkono na kutamka tu kwamba ana ombi la siri. Haulizwi. Ni mwiko kumwuliza. Ndiyo maana hapa Tullis hakuna kinachochunguzwa kama ombi la siri. Tangu nizaliwe sijaona lililofika Alhamisi jioni bado ni siri.

Nilivaa gauni la kijivu. Midomo bila rangi. Mchungaji alipouliza, nikainuka nusu, leso mdomoni, nikasema kwa sauti ya kukatikakatika: ombi la siri. Kanisa zima likageuka kunitazama. Raha niliyoisikia, Mungu anisamehe!

Mara Hoyt naye, hapo kando yangu, kanyoosha mkono. Akatangaza kwamba lolote analoliombea mke wake, na yeye yumo. Kisha akanipa leso yake, eti yangu ni ndogo.

Nilimkanyaga mguu. Akadhani namwita asogee. Akasogea.

Alhamisi, 6 Februari

Simu za mji huu zimelia tangu alfajiri. Yangu haikulia hata mara moja, na hiyo ni dalili njema: ukizungumzwa wewe, hupigiwi.

Saa sita mchana vyakula vikaanza kuingia, kama ilivyo desturi hapa mtu akipatwa na jambo. Wa kwanza Wynelle, na kuku wa kuoka, biskuti za chumvi zimevunjwavunjwa juu. Mimi nilikuwa nimeshajiweka sebuleni, shali mabegani, macho mekundu kwa kazi ya kitunguu. Akanipita! Akanipita kama kiti, akaenda jikoni moja kwa moja, akamshika Hoyt mkono. Pole sana, Hoyt, akamwambia, jikaze, wewe ni mwanamume wa watu, usiache kula.

Akaja Bi Eula na tambi za jibini. Kwa Hoyt. Akaja mke wa mchungaji na mayai yaliyojazwa. Kwa Hoyt! Huyo akamwambia mlango wao uko wazi saa yoyote. Alipokuwa anatoka ndipo akanikumbuka, akasema Mungu akubariki, Dovie, kwa ile sauti ambayo ukiisikia Alabama ujue umeshahukumiwa.

Alasiri ndiyo nikapata habari kamili. Juzi, Hoyt alipokuwa mgahawani akingoja pai, mhudumu alimwuliza safari ya wapi. Na Hoyt, ambaye hajui uongo hata wa kujiokoa, akajibu kwamba hata yeye hajui, Dovie kamwambia aondoke tu. Basi! Juu yake likaja ombi la siri. Mji umejumlisha: nimemfukuza mume wangu, na wa kuombewa ni yeye.

Yaani nalia mimi, analishwa Hoyt!

Nikamwuliza mbona hakukanusha. Akasema alidhani ni ujirani mwema tu. Mdomo umejaa tambi.

Jumamosi, 8 Februari

Friji limejaa. Meza imejaa. Kibaraza cha nyuma kimejaa, tunashukuru baridi. Nikapata wazo: nimpelekee Tressie. Mtu akishiba chakula chako atakuonea aibu kukunyima wimbo.

Nikachagua bakuli la kioo lililopendeza kuliko yote, viazi vitamu na sukari ya kahawia, pekani zimepangwa juu moja moja. Nikamwambia Tressie, mbele ya waimbaji wote, kwamba nimevipika kwa mikono yangu huku nikiwaza machungu yangu. Akaonja. Akasifu. Halafu akaliinua bakuli juu, akachungulia chini yake.

Mimi mjinga! Mimi niliyezaliwa hapa, mama yangu kazaliwa hapa! Nani asiyejua kwamba hapa kwetu bakuli halitoki nyumba ya mtu bila jina la mwenyewe chini, limebandikwa kwa utepe, ili lijue njia ya kurudi? Na hili liliandikwa kwa wino mweusi, herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara: CRABTREE. Mwenyewe Wynelle amesimama nyuma yangu.

Afadhali angenigombeza. Alisema, shoga yangu, ningejua una machungu matamu hivi ningeleta mawili, ila likiisha nirudishie bakuli langu, na usilirudishe tupu. Wanawake wote wakaangua kicheko. Bi Eula alicheka mpaka akashikilia piano.

Nilikwishachukua mkoba niondoke zangu. Ndipo wakaanza wimbo wa saluni.

Sijui niuelezeje. Ni Jumamosi, wanawake wamekaa chini ya mashine za kukausha nywele. Kila mmoja anaimba shida yake kwa sauti kubwa kwa kuwa hasikii kitu, na hajui kama wenzake nao wanaimba. Mwenye mume mlevi. Mwenye binti asiyepiga simu. Mwenye uvimbe ambao hajamwambia mtu. Halafu mashine zinazimwa zote kwa pamoja, na wanajikuta wako kwenye maneno yale yale, sauti ile ile. Wanatazamana. Halafu kila mmoja anauliza bei ya kuseti nywele, na wanalipa wanakwenda nyumbani.

Niliketi chini na mkoba wangu. Hasira sijui zilikwenda wapi. Miaka mingapi nimekaa chini ya mashine zile na sikuona kwamba pale pana wimbo! Tressie kaona. Msichana yule ana macho ya namna gani? Na wale wanawake, wauza duka, washona soksi, mke wa mchungaji ambaye nilidhani hajui kufungua mdomo bila kuhukumu, wanaimba kana kwamba walizaliwa jukwaani. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Na mimi simo. Hicho ndicho kinachonichoma. Si sifa ninazotaka. Haya, sifa nazitaka pia. Lakini wamewachukua wanawake wote wa mji huu wakatengeneza kitu kizuri hivi, na mimi nimesimama nje yake na bakuli la watu.

Jumanne, 11 Februari

Nilimpigia Tressie nikamwambia Kanali amekufa. Nikalia kwenye simu, nilijitahidi sana. Akaja mbio na maua.

Kanali ndiye aliyempokea mlangoni.

Alhamisi, 13 Februari

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, na vyombo vyake viko jikoni kwangu. Wynelle! Hana mume. Anaimba. Analeta chakula hapa kila siku, kila siku anamshika Hoyt mkono. Jirani kuiba mume, mchana kweupe, kwa kuku wa kuoka! Huo ndio wimbo! Tena Wynelle atakuwa ndiye mbaya wa wimbo, na hawezi kukataa kuuimba kwa sababu sauti nzuri ni yake peke yake.

Nimemwalika aje kula kesho jioni. Nimemwambia mimi sitakuwepo, nakwenda kwa mama. Akanitazama sana. Akasema haya, shoga, kama umepanga hivyo.

Kesho ni sikukuu ya wapendanao. Hata mimi nimejishangaa kwa akili hii.

Ijumaa, 14 Februari

Nilijificha stoo, kati ya mitungi ya matango ya siki na gunia la unga wa mahindi. Baridi tupu. Mgongo wangu haupatani na baridi, na mto wangu wa mgongo niliusahau garini. Nilikuwa na uma na tambi za Bi Eula, kwa ajili ya uvumilivu.

Mwanzoni nilisikia kila neno. Hoyt alimwambia Wynelle kwamba ana wasiwasi, Dovie ana jambo moyoni na hasemi. Wynelle akamwuliza bila kumzunguka: mji mzima unajua umefukuzwa, bado unamwonea huruma ya nini? Unamwona nini hasa mwanamke yule?

Nikaegemeza sikio kwenye mlango. Sasa! Sasa ndipo aseme haoni kitu!

Na friji letu bovu likachagua dakika hiyo kunguruma. Nikawa naokota vipande tu. Tangu darasa la saba. Akiingia mahali. Siku nikiamka asipokuwepo. Aliongea kwa muda mrefu, Hoyt huyu ambaye kwenye simu husema ndiyo na hapana. Friji liliponyamaza, nikasikia mtu analia. Wynelle! Anasema hakuwahi kusemwa hivyo hata siku ya harusi yake.

Sijamwelewa. Lazima Hoyt alimkataa kwa maneno makali.

Halafu Wynelle akasema anatafuta chumvi. Chumvi iko stoo.

Akafungua mlango. Mimi nimekaa juu ya gunia, uma mdomoni. Tukatazamana. Machozi yake bado yako shavuni. Wynelle Crabtree akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, akachukua chumvi, akafunga mlango polepole, akarudi mezani. Wala hakumwambia Hoyt. Wakati wa kuondoka nikamsikia akisema, kwa sauti iliyopita mlango, kwamba Dovie akirudi kutoka kwa mama yake aambiwe ana bahati ambayo hata hajaifungua.

Alikuwa na maana ya sanduku la chokoleti. Nimelikuta kwenye mto wangu, lina utepe mwekundu, kutoka kwa Hoyt. Nimelifungua. Zile za kokwa nimezimaliza.

Hakuna aliyeibwa. Nimepoteza jioni nzima.

Jumanne, 18 Februari

Tressie kapiga simu. Moyo ukaruka! Lakini hakuniita kwenye mazoezi. Alitaka ushauri. Eti ameongeza wimbo mpya, dakika hizi za mwisho, wa mwanamke ambaye hawezi kumtaja. Ombi la siri, akasema, na nilisikia anazuia kicheko. Je, mimi kwa maoni yangu, mwanamke kama huyo atachukia akijisikia jukwaani mbele ya mji mzima?

Siku nne zimebaki na mwingine kapata wimbo! Mwingine! Nilijikaza. Nikamwambia mwanamke anayechukia kuimbwa ana kasoro kichwani, na kama ni mimi ningeshukuru kwa magoti. Akauliza, kweli, Bi Dovie? Kweli kabisa? Nikamwambia weka wimbo wako, binti.

Sikula kitu mpaka saa nne.

Jumapili, 23 Februari

Naandika haraka kabla ya kanisa. Yaliyotokea jana ni makubwa, na nina mengi ya kufanya leo.

Ukumbi ulifurika. Watu walisimama kwenye kuta za pembeni. Nilikaa na Hoyt safu ya nyuma kabisa, kwa sababu nilichelewa nikijipamba, kwa vile huwezi kujua. Na mchezo, sina maneno. Nimeusikia mazoezini mara ngapi sijui, na jana nikawa kama sijausikia. Wanaume wa kiwandani, wale wa kutema tumbaku, walilia waziwazi kwenye soksi za Bi Eula. Baada ya saluni wanaume walikuwa wanawatafuta wake zao kwa macho. Mama yangu alisimama kwenye kiti. Nilisema mwenyewe, kwa sauti, kwamba hakuna mji wenye wanawake kama hawa, na nilikuwa sina kinyongo hata chembe.

Kabla ya wimbo wa kufunga, Wynelle akatoka peke yake. Gita, na aproni ya maua. Kama yangu hasa, lakini duka ni moja.

Akaimba habari za mwanamke aliyetafuta huzuni akaikosa. Alimfukuza mumewe, mume akarudi na pai. Akaomba maombi, mji ukamlisha mume. Akamzika mbwa, mbwa akaja kufungua mlango. Akajifungia stoo na uma, anangoja kusalitiwa. Watu walicheka mpaka wakawa wanashikana mabega! Mimi nilicheka kuliko wote, mbavu zinaniuma hadi sasa.

Halafu gita likapungua, na akaimba taratibu. Kwamba kila asubuhi ya baridi, huyo mwanamke angali kitandani, kuna mtu yuko nje gizani anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, anawasha injini, ili akitoka akute joto. Hakuwahi kuombwa. Hakuwahi kushukuriwa. Mwanamke kazunguka mji mzima anatafuta wimbo, na wimbo uko nje, vidole vimekufa ganzi, unamngoja aamke.

Ukumbi mzima ukageuka kutazama safu yetu. Nikageuka na mimi. Nyuma yetu palikuwa na ukuta tu.

Sijui ni nani. Nakiri kwamba pale kwenye pai nilishtuka kidogo. Lakini ya kwenye wimbo ilikuwa pai ya pichi, na yetu ilikuwa ya pekani. Mbwa wake mweupe, Kanali ni kahawia. Na habari ya stoo, nani Alabama hajawahi kujificha stoo? Hata hivyo nilisimama, nikapiga makofi mpaka wote wakanyamaza nimebaki peke yangu, na Wynelle kule jukwaani akanipungia mkono, analia na kucheka. Wimbo bora kuliko wote. Wake wa friza haufui dafu.

Kwenye gari Hoyt alikuwa na macho mekundu. Nikamwambia wimbo ni mzuri, ila mwanamke yule ni mpumbavu sana.

Akasema nisimseme hivyo. Akasema yeye anampenda sana mwanamke yule.

Nikamwuliza, kwani unamjua? Akasema anamjua tangu darasa la saba. Nikamwuliza, na kumpenda je, tangu lini? Akasema tangu siku hiyo hiyo, wala hajaacha hata siku moja. Akanishika mkono!

Nimepata! Hoyt ana mwanamke! Chini ya pua yangu miaka yote hii, hapa hapa mjini, na ameniambia usoni huku amenishika mkono! Nilifika nyumbani nikalia. Machozi yenyewe, bila kitunguu. Iliniuma kweli, hapa chini ya mbavu, sikujua kama itauma hivi. Ilibidi nijiambie nikumbuke inavyouma, kwa ajili ya Tressie.

Mchezo unarudiwa Jumamosi ijayo. Baada ya ibada namkamata Tressie kabla hajafunga piano. Beti tatu ninazo tayari. Kilichobaki ni jina la mwanamke huyo, na hilo nalipata leo leo, kwa sababu msaliti keshaamka. Namsikia nje, anakwangua kioo cha gari, injini inaunguruma. Anawahi kwenda kwa mwanamke wake.

Nimemchungulia dirishani. Amefungua mlango wa upande wa abiria, amechukua mto wangu wa mgongo, anaupasha moto kwenye hewa ya joto inayotoka ndani ya gari, anaupapasa kuona kama umepata joto, anaurudisha kitini.

Lazima mwanamke huyo naye anaumwa mgongo, kama mimi.